Hana Hakuwa Amelewa: Mzazi Anapoitwa Shuleni

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: 1 Samweli 1:9-18 na Matendo 22:22-29



Kila muhula ukifika katikati, kuna wazazi kati yetu ambao hawapendi kuona simu ikiita saa nne asubuhi, kwa sababu wanajua ni nani anayepiga. "Mama, tunaomba ufike shuleni kesho saa mbili, uje na mtoto." Basi, simu inakatwa. Usiku huo nyumba haina amani. Mtoto anaulizwa amefanya nini, anasema hajui, na kwa kusema hajui anaongezewa kosa la pili.

Somo hili ni la wazazi hao, hasa wale ambao mtoto wao ana hali inayoitwa ADHD, au wanashuku kwamba anayo. Ni la walimu walio katika ushirika wetu pia, na mko wengi. Na ni letu sisi wengine tunaoketi nyuma ya mama huyo ibadani tukikunja uso kila mtoto anapopanda juu ya kiti.

Eli aliona kweli, lakini akaelewa vibaya

Hana alikuwa Shilo akiwa na uchungu moyoni. Eli, kuhani, alikuwa ameketi mlangoni. Akaona midomo ya yule mama inacheza na sauti haisikiki. Akaamua: huyu amelewa. Akamkemea, akamwambia aachane na divai.

Tusimwonee Eli. Alikuwa mlangoni, na kazi yake ilikuwa kulinda heshima ya nyumba ya Mungu. Hakusema uongo kuhusu alichokiona. Midomo ilikuwa inacheza kweli. Kosa lilikuwa katika maana aliyoipa.

Sasa mtazame Hana. Angeweza kuinamisha kichwa na kuomba radhi ili mambo yaishe: pole mtumishi, sitarudia. Angekuwa ameomba msamaha kwa ulevi ambao hakuwa nao, na tangu siku hiyo Eli angemjua kama mlevi aliyekiri mwenyewe. Au angeweza kuwaka moto, akamuuliza kuhani ana shida gani na wanawake wanaoomba. Hakufanya hivi wala vile. Alimjibu kwa heshima kubwa, akalikataa lile jina baya, kisha akaeleza kilichokuwa nyuma ya midomo ile. Na Eli akageuka palepale. Kinywa kilichokuwa kinakemea kikabariki.

Hiyo ndiyo kazi ya mzazi wa mtoto mwenye ADHD akiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu ameona kweli: mtoto alitoka nje bila ruhusa, alimjibu mwalimu, alimsukuma mwenzake kwenye laini ya chakula. Usibishane na macho ya mwalimu. Lakini jina lililobandikwa juu ya kitendo, "mkaidi", "hana adabu", "amelelewa vibaya", hilo unaweza kulikataa kwa heshima na kueleza.

Hali yenyewe ni gani

Ili ueleze, lazima wewe mwenyewe uelewe. ADHD ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua, hasa ile sehemu inayomsaidia mtu kujizuia, kupanga, kukumbuka agizo na kukaa kwenye jambo lisilomvutia. Huanza utotoni, na dalili huonekana kabla ya miaka 12. Daktari hatasema ni ADHD kwa sababu ya wiki moja mbaya. Huangalia kama dalili zimedumu angalau miezi sita na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano shuleni na nyumbani. Hukagua pia macho, masikio, usingizi, na kama kuna jambo zito limempata mtoto, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri au aliyefiwa naye huonekana hatulii.

Makadirio ya dunia nzima huwa karibu watoto 5 kwa kila 100. Fikiria darasa la watoto 60. Mwalimu huyo anaweza kuwa na watatu ndani, na pengine hakuna aliyemwambia.

Kuna watoto ambao kwao hali hii ni mwendo: hawakai, wanaongea, wanakatiza, wanajibu kabla swali halijaisha. Kuna wengine, na wasichana wengi wako hapa, ambao wametulia tuli lakini akili iko mbali. Huyu hapigi mtu. Anaadhibiwa kwa kazi ya nyumbani ambayo haikumalizika, kalamu iliyopotea, sweta ya tatu muhula huu. Kwa kuwa hasumbui mtu, hakuna anayemuuliza lolote, na anakua akijua kwamba yeye ni mjinga.

Wataalamu wengi huwaeleza wazazi hivi: katika mambo ya kujizuia, mtoto mwenye ADHD anaweza kuwa nyuma ya umri wake kwa karibu theluthi moja. Wa miaka 9 anajizuia kama wa miaka 6. Ukimtazama urefu unaona wa Gredi ya 4, lakini breki zake ni za PP2. Na ndio maana anaweza kukuambia sheria yote ya shule kwa kichwa, halafu aivunje baada ya dakika mbili. Anaijua sheria vizuri sana. Kumbe shida iko kwenye ule muda mfupi kati ya kutaka na kutenda. Kwetu sisi muda huo upo. Kwake haupo, au ni mwembamba sana.

Mwaka wa 1902 daktari wa watoto aitwaye George Still alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto wa namna hii, watoto wenye akili nzuri ambao adhabu haikuwabadilisha. Hata yeye, pamoja na elimu yake, aliiita hali hiyo upungufu wa kimaadili. Zaidi ya miaka 100 imepita, na utafiti umeitoa kwenye maadili ukaiweka kwenye ubongo na kwenye urithi wa familia. Lakini katika ofisi nyingi za shule, na katika makanisa mengi, wacha tuseme ukweli, bado tuko 1902.

Na swali ambalo najua linaulizwa chini chini: si hii ni roho fulani? Tuombeeni watoto wetu wote, huyu na ndugu zake walio watulivu. Lakini mtoto aliyeombewa Jumapili na bado Jumanne akatoka darasani mbio hajakataa maombi, na mama yake hana upungufu wa imani. Tunamwombea mwenye pumu na hatumnyang'anyi kipulizio chake. Kama daktari amemwandikia mtoto dawa, mtu yeyote asimwambie mzazi aziache ili aonyeshe imani.

Faili lina sauti moja tu

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapopoteza kesi bila kujua kwamba kulikuwa na kesi.

Unapoitwa mara ya kwanza, unaenda na hofu. Unamsikiliza naibu wa mwalimu mkuu, unaaibika, na kabla hajamaliza unasema, "Mwalimu, mnisamehe, huyu mtoto hata nyumbani amenishinda." Wengine humchapa mtoto palepale mbele ya walimu ili waonekane wako upande wa shule. Unaandikishwa karatasi kwamba mtoto hatarudia, unatia sahihi, unashukuru, unaenda kazini.

Karatasi hiyo inaingia kwenye faili. Mara ya pili, karatasi nyingine. Mara ya tatu mtoto anatumwa nyumbani wiki mbili. Mara ya nne faili linawekwa mbele ya Bodi ya Usimamizi, na wanabodi ambao hawajawahi kumwona mtoto wako wanasoma: alionywa, mzazi alikiri kwamba amemshinda, aliahidi, akarudia, akaahidi tena, akarudia tena. Ukisoma faili hilo bila kujua lingine lolote, hata wewe ungemfukuza. Hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa neno ADHD. Mwalimu wa darasa alikuwa anajua, ulimwambia getini. Lakini neno la getini halifiki kwenye faili.

Kwa hivyo, mzazi mpendwa, hakikisha faili lina sauti ya pili. Chochote unachomwambia mwalimu kwa mdomo, kiandike na ukipeleke, na ubaki na nakala yenye mhuri wa shule au hata picha kwenye simu. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, isome yote. Kama inasema jambo lisilo kweli, usitie sahihi kwa haraka ya kurudi kazini. Unaweza kuongeza sentensi moja chini kwa mkono wako: kwamba umesoma, kwamba mtoto ana hali ya ADHD, na kwamba unaomba mpango wa kumsaidia. Halafu tia sahihi. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa mtoto mwaka ujao.

Huhitaji kuandika kama wakili. Barua kama hii inatosha:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa (jina), Gredi ya 5. Nimepokea wito kuhusu tukio la tarehe (fulani). Mtoto wangu ana hali ya ADHD, na ripoti yake nimeiambatisha. Sipingi arekebishwe. Naomba kwanza nipewe maelezo ya tukio kwa maandishi, kisha mimi na mtoto tupewe nafasi ya kueleza kabla uamuzi kufanywa, na tukubaliane njia za kumsaidia darasani ili jambo hili lisirudi. Asante kwa kazi yenu ya kumfundisha."

Je, kama huna ripoti? Usiandike kwamba ana ADHD kama hakuna mtaalamu aliyesema hivyo. Andika ukweli: kwamba umeona dalili hizi na hizi tangu akiwa na miaka kadhaa, na kwamba unamtafutia tathmini. Kisha itafute. Serikali ina vituo vya kutathmini watoto kwa ajili ya elimu, vinavyojulikana kama EARC. Vilianza mwaka wa 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu nawe. Kwa walio Nairobi, taasisi ya elimu maalum, KISE, iko Kasarani na ina kituo cha tathmini. Kwa upande wa matibabu, anza na daktari au kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako. Hospitali za Kenyatta na Mathari nazo huwaona watoto.

Siku ya kikao

Usiku wa kuamkia kikao, msikilize mtoto kabla ya kumhukumu. Usimuulize "kwa nini". Mtoto mwenye ADHD mara nyingi hajui kwa nini, na atakutungia jibu ili umwache. Muulize mambo yaliyofuatana: ulikuwa umekaa wapi, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia, halafu nini. Mara nyingi utakuta kitu kidogo ambacho hakiko kwenye ripoti ya shule. Kipindi kilikuwa cha mwisho kabla ya chakula. Alikuwa amenyimwa mapumziko tangu asubuhi kwa sababu ya kosa lingine. Mwenzake alijua kwamba akimgusa mara tatu atalipuka, na akamgusa mara tatu. Hayo hayafuti kosa, lakini yanamwonyesha mwalimu mahali pa kuziba.

Nenda mapema, umevaa vizuri, na uende na mtu mmoja, si shangazi wanne. Kama baba yupo, baba aende. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu ukitazama madawati ya nje ya ofisi za shule asubuhi, utafikiri watoto wa Kenya hawana baba.

Anza kwa kushukuru kwa kitu cha kweli. Kisha msikilize mwalimu mpaka mwisho. Usimkatize. (Mzazi aliyekuwa na hali hii hii utotoni, na wengi tuko hivyo maana inarithiwa, ajifunge ulimi hapa.) Akimaliza, kubali kilichotokea. Ndipo ueleze, kwa sentensi chache, hali ya mtoto ni gani na kitendo kile kilitokana vipi na hali hiyo.

Watu huchanganya kueleza na kutoa visingizio. Kisingizio husema: ana ADHD, mwacheni. Maelezo husema: ana ADHD, kwa hivyo adhabu ile haitamfundisha, lakini hii itamfundisha. Kama amevunja kioo, achangie kioo, kwa kufanya kazi za nyumbani mpaka deni liishe. Kama amempiga mtoto wa mwenyewe, aombe msamaha uso kwa uso, na wewe mzazi umtafute mama wa yule mwingine umpe pole, maana mtoto wake pia aliumia na hana haja ya kusikia habari za ubongo siku hiyo. Kwa mtoto wa namna hii adhabu inayofaa ni ya haraka, fupi, na inahusiana na kosa. Kupiga magoti uwanjani mpaka saa kumi kwa kosa la asubuhi hakumfundishi kitu. Kufika saa sita ameshasahau kosa, amebaki na hasira. Na kumnyima mapumziko ni kama kuziba bomba la moshi halafu ushangae nyumba inajaa moshi. Mwili huo unahitaji kukimbia ili uweze kukaa.

Usitoke ofisini bila kuomba mambo mawili au matatu, na yawe mambo yanayowezekana. Mwalimu ana watoto 60, ana vitabu vya kusahihisha, na pengine ana mtoto kama huyo kwake nyumbani. Ukimletea orodha ndefu kutoka kwenye intaneti ya shule za ng'ambo zenye watoto 15 darasani, atakuitikia tu uende. Omba visivyogharimu. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe agizo moja kwa wakati, si matatu. Apewe kazi za kusimama: kufuta ubao, kukusanya vitabu, kupeleka ujumbe. Wakubaliane na mwalimu ishara ya siri, kugonga dawati mara moja, badala ya kuitwa jina mbele ya wote mara ishirini kwa siku. Mwalimu aandike mstari mmoja kwenye daiari kila jioni, na siku njema iandikwe kama ilivyoandikwa siku mbaya. Chagueni yale mtakayoweza, mkubaliane mtakutana lini tena, na uandike mlichokubaliana kabla ya kufika nyumbani.

Kama mtoto yuko bweni, kuna la ziada: matroni ajue, na kama kuna dawa, ziwe kwa muuguzi wa shule na si kwenye sanduku la mtoto. Mabweni huadhibu sana kusahau, na mtoto huyu husahau.

Paulo na kamba

Sasa tuje Matendo 22. Paulo amefungwa kamba, viboko viko tayari. Hakusema ngoja nivumilie, Bwana anajua. Alimuuliza akida swali moja tu, tena kwa utulivu: je, sheria inawaruhusu kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa? Viboko vikasimama. Jemadari mwenyewe akaogopa.

Ndugu zangu, kuijua sheria na kuitaja kwa upole si kukosa imani wala si ugomvi. Na sheria ya Kenya inamlinda mtoto wako kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza adhabu yoyote ya kikatili au ya kudhalilisha, ya mwili au ya akili, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kumwita mtoto mwehu mbele ya darasa kunaweza kuingia humo pia. Sehemu ya 35 inasema mwanafunzi asirudishwe darasa wala kufukuzwa ovyo. Kufukuzwa kunaweza kufikiriwa tu baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kwisha, na baada ya mtoto na mzazi kupewa nafasi ya kusikilizwa. Soma hayo tena: njia nyingine zote. Ndio maana barua yako ya kuomba mpango ni muhimu. Kama mpango uliombwa na haujajaribiwa, njia hazijaisha. Sehemu ya 34 inakataza mtoto kukataliwa kuandikishwa kwa sababu ya ulemavu, na Katiba, kifungu cha 260, inapoeleza ulemavu inataja pia hali za akili zinazoathiri maisha ya kila siku kwa muda mrefu. Kifungu cha 47 kinampa anayeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo makuu zaidi katika kila jambo linalomhusu.

Huna haja ya kuyapiga kelele haya ofisini. Paulo aliuliza tu. "Mwalimu, naomba kujua, njia gani nyingine zimejaribiwa?" Swali hilo likiulizwa kwa sauti ya chini lina nguvu ya kutosha.

Wengine watasema, lakini Mithali 13:24 yanena habari za fimbo. Ndiyo, na tunayaamini Maandiko yote. Andiko hilo linamhusu mzazi anayempenda mwanawe na kumrudi mapema. Halimpi mtu mwingine ruhusa ya kumwumiza mtoto kwa jambo ambalo hana uwezo nalo. Na sisi ambao Warumi 13 tumeifundisha kwa bidii kila uchaguzi ukikaribia, kwamba tuzitii mamlaka, tusiisahau tukifika kwenye geti la shule. Mamlaka imesema kiboko hakuna. Mwalimu aliyeokoka ana sababu mbili za kuitii.

Mambo yakikataa, panda ngazi moja moja. Mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, Bodi ya Usimamizi, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na bodi ya elimu ya kaunti. Kila ngazi uende na nakala za barua zako. Hapo ndipo utashukuru ulizitunza. Lakini kama mtoto ameumizwa mwilini, usipande ngazi. Nenda hospitali kwanza, hakikisha majeraha yameandikwa, kisha polisi na afisa wa watoto. Nambari ya 116 hupokea simu za kumsaidia mtoto, na haitozwi.

Na sisi je?

Kabla hatujazinyoshea shule kidole, tuangalie shule yetu ya Jumapili. Mtoto huyu aliyesimamishwa masomo Jumatano, Jumapili anatolewa darasani na kuketishwa nje na mhudumu wa mlango. Mama yake anaitwa katikati ya ibada. Baada ya mara tatu anaanza kuketi kiti cha mwisho, karibu na mlango. Baadaye haji. Tunasema amerudi nyuma, kumbe tulimtoa sisi. Walimu wa Jumapili wanaweza kuanza na yale yale yasiyogharimu: agizo moja, kazi ya kusimama, asaidie kugawa karatasi. Na tukipata wiki hii mtu mmoja mwenye muda wa asubuhi wa kumsindikiza mama aliyeitwa shuleni, akakaa kando yake tu na kuandika yanayosemwa, tutakuwa tumeitii Mithali 31:8 kwa miguu yetu.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: Someni 1 Samweli 1:12-17 kwa sauti. Hana alikubali nini katika maneno ya Eli, na alikataa nini? Kila mzazi aeleze jina moja ambalo mtoto wake amebandikwa shuleni au nyumbani, na kikundi kijaribu kulieleza upya kwa sentensi moja ambayo mwalimu angeweza kuipokea. Walio na barua ya kupeleka shuleni waje nayo; isomwe na kurekebishwa pamoja kabla ya maombi. Walimu mlio kwenye kikundi, semeni nanyi mzazi akija ofisini mngependa aanze vipi.